Kabla ya kununua visahani, tazama ndege amefia wapi

Ndugu yangu, usimlipe huyo anayetaka kukuuzia visahani. Umeandika kwamba furukombe (tai wala samaki) wawili wamekufa shambani kwako, karibu na pale mto Sabaki unapoingia baharini, na unauliza bei ya visahani vya kung'aa vya kutundika kwenye nyaya.

Mimi na majirani zangu hapa Malindi tulichanga shilingi 38,000, mkandarasi akazimiwa umeme, akatundika visahani hivyo kwenye laini ya kilovolti 11 inayolisha pampu yetu. Mwezi haukuisha kabla sijaokota furukombe mwingine chini ya nguzo ile ile, kucha zimeungua. Visahani humsaidia ndege anayeruka auone waya asije akaugonga. Ndege wetu walikuwa wakitua. Mkandarasi alijua tofauti hiyo, nina hakika, maana mizoga ilikuwa miguuni pake siku ya kwanza, na bado akatuuzia alichokuwa nacho stoo. Sijamsamehe.

Ndege aliyetua juu ya waya mmoja hapati madhara. Anauawa pale mwili wake unapounganisha nyaya mbili, au waya na chuma cha nguzo kilichounganishwa na ardhi. Shomoro hafikii. Furukombe akikunjua mabawa hufikia mita 2 na zaidi, na kwenye laini za kilovolti 11 na 33 nafasi kati ya waya na waya ni fupi kuliko mabawa yake; manyoya yakilowa mvua ya masika, hatari huongezeka. Kwenye ile laini kubwa ya kilovolti 220 itokayo Rabai kupitia Malindi na Garsen hadi Lamu, nyaya zimeachana sana, kwa hiyo tishio kubwa huko ni kugonga, na huko visahani vina kazi.

Basi tazama mzoga ulipo. Ukiwa katikati ya nguzo mbili, fikiria kugonga. Ukiwa chini ya nguzo au transfoma, dai nyaya fupi za maungio na vichwa vya transfoma vifunikwe kwa vifuniko vilivyotengenezwa kwa volti hiyo, si bomba la maji. Miiba ya kufukuza ndege uikatae pia, kwani huwasogeza tu hadi pabaya zaidi. Usipande mwenyewe kamwe. Kesho asubuhi piga picha ya mzoga na namba ya nguzo, uwaandikie wenye laini.