Re: Tunaunda gari la mbio la kiti kimoja hapa Dodoma, ushauri wenu wakuu

Mkuu, weka grinda chini kwanza. Umeuliza injini ya pikipiki ipi inafaa kwa gari la Formula Student, yale mashindano ya wanafunzi wa vyuo kuunda gari la mbio, wadhamini wanapatikana wapi, na dereva mmchague vipi. Halafu katikati umepitisha kimyakimya kwamba upinde wa nyuma ya kichwa cha dereva mnauchomelea vipande viwili, eti fundi kasema hakuna shida. Shida ipo, na ni hiyo hiyo.

Upinde ule ndio unaokinga kichwa gari likipinduka. Kanuni zinataka liwe bomba moja la chuma, lisilokatwa popote, lianzie chini upande huu liishie chini upande ule. Hata fundi wako awe anachomelea meli, ukiunga umeshakosa. Na pale linapokunjwa lisibonyee wala kujikunyata.

Na sisi tulipounda letu, fundi alituambia hivyo hivyo, hakuna shida. "Wazungu wanaangalia tu kama gari linawaka." Tukajaza mchanga kwenye bomba, tukalipasha kwenye mkaa, likabonyea kama kopo la soda lililokanyagwa. Bwana mkubwa akakata palipobonyea, akaunga, akasaga kiungo, akapaka puti. Puti, mkuu! Kwenye kitu cha kulinda shingo ya mtoto wa watu. Tukamlipa na soda juu.

Mwenye duka naye simsamehe. Tulimwambia inchi moja, akatupa bomba la maji la inchi moja, ambalo kwa nje ni kama milimita 33.7. Hiyo inchi yao ni jina la tundu la ndani. Sisi tulitaka 25 kwa nje, unene 2.5. Tena lilikuwa la zinki. Moshi wake wakati wa kuchomelea ulimlaza mwenzetu na homa.

Tulipokuja kushtuka, kila kitu kilikuwa kimeshafungwa humo: injini, mikanda, kiti, sehemu za kushikia suspensheni. Kutoa upinde ni kuvunja fremu nzima. Tukamtumia picha jamaa aliyewahi kushindana Silverstone, uwanja wa Uingereza yanakofanyika mashindano haya, akajibu kwa kifupi kwamba hiyo haivuki ukaguzi. Na usipovuka ukaguzi huendeshi. Kwenye pointi 1,000 za mashindano, 675 ziko barabarani. Zile 325 ni za maneno: usanifu, gharama, mpango wa biashara. Kwa maneno sisi tuko vizuri, si unaona nilivyoandika.

Wala usitegemee puti ifiche. Wakaguzi wana ruhusa ya kutoboa bomba wapime unene. Fremu yetu sasa iko Hombolo, inabeba mizabibu ya mjomba, na mzabibu hauna habari na viungo.

Kwa hiyo upinde kwanza, kabla hujanunua hata nati. Tafuta karakana yenye mashine halisi ya kukunja mabomba, hata ikibidi bomba lipande lori hadi Dar. Kupeleka bomba Dar ni rahisi kuliko kuvunja fremu, nimeyalipia hayo.

Injini isizidi cc 710, basi. Wadhamini ukiwapata nishtue na mimi.

Leo jioni pima hilo bomba kwa venia, kipenyo cha nje na unene, piga picha namba zisomeke, weka hapa. Na huyo fundi mwambie kesho asije.