Bei ya spea za magari ya zamani: jibu la mwenye Land Rover 109

Mkuu, umeuliza kama kuna maana kuifufua Peugeot 504 uliyoachiwa na mjomba wako wakati spea zinapanda kila mwaka, na kama haya mapenzi ya magari ya zamani yatakuwepo miaka kumi ijayo au yatabaki ya wenye hela tu. Wengi wamekujibu uachane nayo ununue Toyota IST. Mimi naendesha Land Rover 109 Series III hapa Arusha, ya petroli, injini yake ileile ya lita 2.25 iliyotoka nayo kiwandani, kwa hiyo nakujibu kwa yale ninayoyalipia mwenyewe.

Spea za gari la zamani ni za aina mbili: zinazotengenezwa mpaka leo, na zile ambazo kiwanda kilishaacha kuzitengeneza. Kelele nyingi za bei unazosikia zinahusu aina ya kwanza, na hapo mchawi mkubwa ni shilingi yetu. Mwaka 2013 dola ilikuwa karibu 1,600. Katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Hata kama muuzaji wa nje hakugusa bei yake, wewe umeshapandishiwa. Halafu forodha hawapigi hesabu kwenye bei ya kifaa peke yake, wanajumlisha bei, bima na nauli, wanatoza ushuru, kisha VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya vyote. Gasketi ya hedi, yaani ya kichwa cha injini, ya hiyo 2.25 huko Uingereza ni kitu cha bei ndogo tu, lakini ukiiagiza peke yake kwa ndege utalipa nauli kuliko gasketi, na kodi ya hiyo nauli pia. Sisi wachache wenye 109 tunasubiriana, tunaagiza boksi moja. Inachosha, maana kuna mwenzetu mmoja kila safari anakumbuka anachotaka siku boksi limeshafungwa.

Sababu nyingine iko Marekani. Sheria yao inaruhusu kuingiza gari lolote lililofikisha miaka 25 bila kulibana na masharti ya usalama ya magari mapya. Land Rover Defender ya zamani ilipoacha kutengenezwa Januari 2016, wenye hela wa huko na Ulaya wakazidi kuzichangamkia, na zile Series kama yangu zikabebwa na wimbi hilohilo. Nilikuwa nachukia jambo hili. Sasa silichukii sana, kwa sababu wale ndio wanaofanya kiwanda kione faida kuendelea kutengeneza. Toyota mwaka 2021 walitangaza kurudisha baadhi ya spea za Land Cruiser za 40, na wasingefanya hivyo kama zile gari zingekuwa zinauzwa bei ya chuma chakavu. Gari la kuogopa ni lile ambalo spea zake ni rahisi kwa sababu hakuna anayelitaka. Siku moja unaamka duka limefunga na hakuna mahali pengine. Angalia Datsun Violet, hiyo 160J yetu. Shekhar Mehta alishinda nayo Safari Rally mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, gari lenye jina kubwa namna hiyo. Jaribu kutafuta taa ya nyuma ya 160J iliyo nzima, kisha uje unisimulie.

Na nyingi ya hizo spea "adimu" si adimu, ila umeuliza kwa jina la gari. Ukienda dukani ukasema "beringi ya hab ya Land Rover ya zamani", yaani ya kitovu cha gurudumu, utaambiwa hakuna, au utatajiwa bei ya mtalii. Ifungue, isafishe na petroli, soma namba iliyogongwa ubavuni, kisha nenda duka la beringi, si la Land Rover. Beringi nyingi za magari ya miaka ile ni za saizi za kawaida ambazo ziko mpaka kwenye mashine za kusaga. Sili za oili hivyohivyo: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Chukua kaliba, pima, andika. Mimi nina daftari la namba hizo na limenisaidia kuliko muuza spea yeyote wa Gerezani, Dar.

Kwenye mpira fanya kinyume. Usinunue kitu cha mpira kwa sababu kiko kwenye boksi la kiwandani la mwaka 1982. Kapu za breki, vile vipira vya kuzuia oili ya breki, zilizokaa rafu miaka arobaini zimeshakufa hata kama zinang'aa, na wewe unashuka nazo mteremko. Nunua mpya. Kinyume chake tena ni kondensa na rota ya distribyuta, vile vifaa vya kupeleka cheche kwenye plagi: hizi mpya za bei chee ni balaa, zinakufa gari likishapata moto, likipoa linawaka, fundi anazunguka kwenye kabureta wiki nzima. Kama ya zamani inafanya kazi, iache hapohapo.

Kuna watu wataleta habari ya petroli isiyo na risasi, yale madini ya ledi. Ni kweli, nchi zetu ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006, na injini za zamani zilitegemea ile risasi kulinda viti vya valvu, yaani pale valvu zinapokalia zikifunga. Ukifungua hedi kwa sababu nyingine, weka viti vigumu, yaishe. Usifungue hedi kwa ajili ya hilo tu.

Sasa kinachonikosesha usingizi ni ile aina ya pili, spea ambazo hazitengenezwi tena. Bodi ya 109 ni alumini. Nimeona milango mizima, iliyonyooka, ikipimwa kwenye mizani ya chuma chakavu kwenda kuyeyushwa iwe sufuria. Nimeona injini za 2.25 zikitupwa nyuma ya gereji kwa sababu mwenye gari kaweka ya Mjapani. Simlaumu, gari lake linabeba mizigo na dizeli ya Toyota inamlipa. Lakini injini ile ikishaenda kwenye tanuru hairudi, na kuleta gari zima kutoka nje ili ulichinje si rahisi: kwetu tozo za uchakavu zinakula, na majirani zetu Kenya hawapokei kabisa gari lililozidi miaka minane. Yaliyopo ndiyo hayohayo. Kwenye tamasha la Land Rover hapa Arusha Oktoba 2024 yalijitokeza mamia, watu wakapiga picha, na mimi nilikuwa nahesabu kichwani ni mangapi yamebaki na injini ya kwao. Machache.

Pamoja na injini wanaondoka mafundi. Kijana wa leo anachomeka mashine, anasoma namba ya kosa. Kabureta haina pa kuchomeka. Fundi wangu ni mtu mzima, anaweka bisibisi sikioni, anakwambia valvu ya tatu ina nafasi kubwa. Siku hizi nikimpelekea kazi namlipa na kijana wake, kwa sharti kwamba kijana ndiye ashike spana. Mzee wa laze, mashine ya kukereza chuma, naye anachonga bushi za springi kwa bei ambayo Uingereza hawawezi kuifikia hata wakitaka. Ukiwa na watu hawa wawili karibu, nusu ya orodha ya spea inafutika.

Turudi kwenye 504 yako. Umepata bahati kuliko unavyodhani. Ufaransa waliacha kutengeneza saluni yake 1983, lakini Kenya na Nigeria waliendelea kuiunganisha hadi miaka ya 2000, kwa hiyo vifaa vya miguu (springi, shokapu na jamaa zake) na injini bado vinazunguka Afrika. Kama ni dizeli, kumbuka Mahindra wa India walitengeneza dizeli ya Peugeot kwa leseni, na mafundi wa zamani wanajua kipi kinaingia wapi. Shida ya 504 ni kutu, maana saluni haina chasisi ya kujitegemea: bodi ikioza, gari limeoza. Piga nyundo ndogo chini ya milango na pale shokapu za mbele zinapokaa juu. Kisha hesabu vioo, taa, griili, vishikio vya milango na dashibodi. Hivyo vikiwepo vyote, na namba ya chasisi inalingana na kadi, ifufue hata kama injini imekwama.