Fine ya kwenye dhahabu si "nzuri"

Ndugu, umeuliza kwa nini karatasi ya bei uliyoonyeshwa hapa Bukavu imeandikwa fine gold, wakati kamusi yako ya Kiingereza inasema fine ni "nzuri". Hapo hawasifu uzuri wa kitu. Wanasema dhahabu tupu, iliyotolewa takataka na madini mengine. Usafi huo huhesabiwa kwa elfu: 999 ni tupu kabisa karibu, na 750 ni sehemu 750 za dhahabu katika 1000, zilizobaki ni shaba, fedha na kadhalika, ndiyo ile ya karati 18. Bei ya soko la dunia, inayotajwa kwa aunsi ya gramu 31.1, ni ya dhahabu tupu. Kwa hiyo unga wa dhahabu uliotoka machimboni hauwezi kulipwa bei hiyo gramu kwa gramu. Hata mnunuzi mwaminifu atakata kitu. Asiye mwaminifu atakata zaidi, lakini hilo si swali la Kiingereza.

Sisi tuliosoma Kifaransa tuna nafuu, maana ni fin ileile ya or fin, yaani dhahabu tupu. Na kama kwenye Kifaransa, fine ni pia kitu chenye chembe ndogo: fine sand ni mchanga laini wa kumalizia ukuta.

Kwa mtu, I'm fine ni mzima, basi. Ila mgeni ukitaka kumwongezea bugali akajibu I'm fine, amekataa. Usimpakulie.