Mshono mbaya hauharibu nyama: pipa kuukuu lilivyonifundisha kuchomelea

"Mwalimu, hapa mchwa wamepita."

Hayo ndiyo yalikuwa matokeo ya mtihani wangu wa kwanza. Aliyesahihisha ni fundi mmoja wa jua kali pale Kibuye, Kisumu, ambaye alinipa kona ya kibanda chake Jumamosi tatu mfululizo. Aligonga ganda jeusi la mshono kwa kinyundo, akalipuliza, kisha akacheka taratibu. Alikuwa na haki. Mshono ulikuwa umepinda, umevimba hapa, umekatika pale, kama ile njia ya udongo ambayo mchwa huijenga ukutani.

Mimi nilikuwa nimekuja na hamu ya kujitengenezea geti la nyumbani Mamboleo. Nilikwisha nunua mashine ndogo ya kuchomelea, ya mtumba, na glavu. Fundi alikataa katakata. Geti la kilo mia likimwangukia mtoto, alisema, utamweleza mama yake nini? Akanishauri nianze na kitu ambacho kikiachia mshono, hasara ni nyama tu. Nikachagua jiko la moshi, lile la kuivisha nyama polepole kwa saa nyingi, moto ukiwa kando na moshi ukipita juu ya chanja. Jiko hili halibebi mtu, halihifadhi gesi, wala haliendi barabarani. Linasamehe mambo mengi. Ila yako machache lisiyosamehe, na mengi kati ya hayo niliyajua baada ya kuumia.

Anza na pipa. Pipa la chuma la lita 200 ndilo mwili wa jiko, na swali la kwanza si bei, ni lilikuwa na nini. Nilipata moja la buluu, safi, kwa shilingi 1,200. Lebo ilikuwa imekwanguliwa. Muuzaji aliapa lilikuwa la sabuni. Nikafungua kizibo, nikanusa, nikapata harufu tamu nisiyoijua, nikaliacha hapo hapo. Pipa lililobeba dawa ya kunyunyizia mimea hutalisafisha ukaridhika nalo kwa chakula. Na lililobeba petroli au tina ya kuchanganyia rangi ni bomu, hasa likiwa tupu. Watu hudhani tupu maana yake salama. Petroli yenyewe ikijaa pipa haina hewa ya kulipukia. Ni mvuke uliobaki ndani, ukichanganyika na hewa, ambao cheche moja ya graenda, ile mashine ya kukatia chuma, inautosha.

Mwishowe nikalipa 2,800 kwa pipa la mafuta ya kupikia ambalo bado lilikuwa na lebo na utelezi wake. Hata hilo tuliliosha kwa maji moto na sabuni, tukafungua vizibo vyote viwili, tukalijaza maji karibu hadi mstari wa kukata. Tundu la kwanza tulilitoboa kwa patasi na nyundo, vile mafundi wa Kibuye wanavyokata mapipa miaka yote, kwa sababu graenda ya umeme na maji havikai pamoja. Maji yalipomwagwa na pipa likakauka ndipo graenda ikaingia kazini.

Kwenye chuma chakavu, dai risiti. Tangu Sheria ya Chuma Chakavu ya 2015 mfanyabiashara anatakiwa awe na leseni, na mnakumbuka mwaka 2022 biashara yote ilisimamishwa kwa miezi kadhaa baada ya nguzo za umeme kuharibiwa. Ukiona kipande kinachofanana na ukingo wa barabara au kifuniko cha mtaro, usikichukue hata cha bure.

Sasa nije kwenye kosa langu kubwa. Kwa bomba la moshi nilinunua bomba la maji lililotumika, la rangi ya kijivu inayong'aa. Lilikuwa limepakwa zinki. Nilipoanza kulichomelea, moshi mweupe ukapanda, na vipande vyeupe kama pamba vikaelea hewani. Mdomoni nikahisi ladha tamu ya ajabu. Nilidhani ndivyo kazi ilivyo. Saa mbili usiku nilianza kutetemeka. Homa, viungo vinauma, kifua kinabana. Ukiishi Kisumu, mwili ukikutetemesha hufikirii mara mbili: malaria. Nikaenda kupimwa, hakuna malaria. Kesho yake jioni nilikuwa mzima, nikala ugali kama kawaida, nikabaki nashangaa.

Jumamosi nilipomsimulia fundi, hata hakuinua kichwa. "Ulichoma zinki." Zinki huchemka ikifika kama nyuzi 907 za Selsiasi, na tao la umeme la kuchomelea lina joto la maelfu ya nyuzi, kwa hiyo zinki yote inageuka moshi na wewe unaivuta. Homa yake huja saa kadhaa baadaye na mara nyingi huisha ndani ya siku moja au mbili, ndiyo maana wengi hawajui ilikotoka. Tangu hapo sichomelei kitu chenye zinki, na kwenye jiko la chakula siiweki kabisa, wala kwenye chanja. Bomba la moshi nikabadilisha, nikaweka bomba jeusi la chuma lisilopakwa kitu. Chanja nikalitengeneza kwa vyuma vya duara vya milimita 8.

Macho nayo. Nilichungulia bila ngao mara tatu nne hivi, kila mara "nashikiza tu." Saa nane usiku niliamka kama kuna mchanga chini ya kope. Vaa ngao yenye kioo cheusi namba 10 au 11. Miwani ya jua si ngao, hata kama unamwona fundi fulani amevaa. Na mtu akikwambia utie maziwa jichoni, mshukuru, kisha uende kwa daktari.

Kuchomelea pipa lenyewe kuna adabu yake. Ukuta wa pipa ni mwembamba, karibu milimita moja tu. Nilikuwa na rodi za kuchomelea za aina ya 6013, unene milimita 2.5, mashine nimeiweka ampea 80 kama nilivyoambiwa kwa chuma cha kawaida, na nikatoboa tundu la kupitisha kidole gumba. Nikajaribu kuliziba, likawa la kupitisha yai. Dawa ilikuwa kushusha hadi kama 55, kutafuta rodi za milimita 2, na kuacha tamaa ya kuvuta mshono mrefu. Unapiga kidoti, unahesabu hadi tano, unapiga kingine mbali kidogo na kile cha kwanza, chuma kinapoa unaporudi. Pale pipa linapokutana na chuma kinene, kama vyuma vya pembe vya miguu, elekeza moto kwenye kile kinene, halafu uache uji wa chuma uteleze wenyewe kuelekea kwenye chembamba. Nilipolielewa hilo, mchwa walianza kutembea mstari mmoja.

Na usifanye haya yote kwa waya mrefu wa umeme ambao bado umezungushwa kwenye kigurudumu chake. Wangu uliyeyuka plastiki. Ufungue wote, uulaze chini.

Chumba cha moto ndicho ninachojivunia. Badala ya kununua bamba, nilichukua rimu mbili za chuma za gari dogo, mia tano kila moja. Rimu ni nene, haitoboki ovyo, kwa hiyo ni rafiki wa mwanafunzi. Moja niliikata katikati ikabaki pete, nyingine nikaiacha na uso wake, nikaziunganisha zikawa kama sufuria iliyolala ubavu, mdomo ukiingia kwenye tundu la ubavu wa pipa. Yale matundu ya usoni mwa rimu yakawa njia ya hewa, nami nikaweka kibati kinachozunguka kwenye bolti moja ili kuyafunga na kuyafungua. Kuni zinaingilia juu, kwenye kidirisha nilichokikata na kukirudisha kwa bawaba. Kabla ya kuwasha chochote, kagua ukingo wa rimu. Vile vipande vidogo vya kusawazisha tairi mara nyingi ni madini ya risasi. Ving'oe vyote. Risasi na chakula ni maadui.

Mfuniko wa pipa karibu unishinde. Kosa la kila anayeanza ni kukata mlango wote, kisha kutafuta mahali pa bawaba. Pipa lina mvutano ndani yake. Ukiukata mlango unafunguka kama kitabu kilicholowa maji, haurudi tena mahali pake. Kata upande wa bawaba kwanza, chomelea bawaba zikiwa zimenyooka, ndipo ukate pande tatu zilizobaki. Mimi nilisikia ushauri huu nikiwa nimeshakata. Nilitumia siku nzima kuukunja mlango kwa goti na kuuzungushia ukanda wa chuma pembeni.

Kujua kama jiko linavuja hakuhitaji kifaa. Usiku nilizima taa za nje, nikaweka tochi ndani ya pipa, nikafunga. Wanangu wawili wakazunguka na chaki. "Baba, mwanga hapa! Na hapa!" Walichora alama kumi na saba. Kubwa nilizichomelea. Ndogo niliziacha, na baada ya kupika mara tano sita mafuta na masizi yalikuwa yameziziba yenyewe.

Kwa nini nahangaika na matundu wakati mshono mbovu naupuuza? Kwa sababu jiko la moshi linaendeshwa kwa hewa. Hewa ikiingia unapotaka, moto unakutii. Ikiingia kila mahali, huna jiko, una moto ndani ya pipa. Hewa iingie chini kwenye chumba cha moto, moshi utoke upande wa pili kabisa, na mdomo wa ndani wa bomba uwe usawa wa chanja, si kileleni mwa pipa, ili moshi ulazimike kupita kwenye nyama kabla ya kuondoka. Chini ya chanja weka trei ya maji ya kunasa mafuta. Mafuta yakidondokea moto yanarudi kama masizi machungu, na masizi hayo hayana faida mwilini.

Pika mara ya kwanza bila nyama. Moto mkali saa tatu hadi rangi yote ya ndani na nje iungue, sugua kwa brashi ya waya, paka mafuta ya kupikia, washa tena.

Kuni tumia mpera au mwembe uliokauka vizuri. Mkaratusi na msonobari waachie wanaochoma matofali, na mbao zilizotiwa dawa au rangi zisikaribie. Hata kwa kuni nzuri, kuku wangu wa kwanza alikuwa na ladha kama paa la jikoni kwa bibi. Nilikuwa nimefunga bomba la moshi nikidhani nauhifadhi, ukajaa mle ndani mweupe na mzito kwa saa nne. Jirani yetu mmoja, mama ambaye amekausha samaki kwa moshi miaka mingi kule Obunga, alionja kipande kwa heshima, akakirudisha kwenye sahani.

"Mwalimu, moshi si kuku. Usiufungie."

Alinionyesha anachotafuta yeye: moshi mwembamba, karibu hauonekani, wenye rangi ya buluu kidogo ukiutazama dhidi ya mti. Ukiwa mweupe kama wingu, kuni ni mbichi au moto umekosa pumzi. Siku hizi bomba la juu liko wazi muda wote, natawala moto kwa kile kibati cha chini tu. Kipimajoto cha bei nafuu kiko usawa wa chanja, nakitaka kati ya nyuzi 110 na 130. Kuku namtoa nyama ya ndani ya paja ikifika nyuzi 74. Kidari cha ng'ombe ni kazi ya kutwa, kianze kabla ya kanisa.

Ukiacha mashine, nilitumia kama shilingi 9,000, na karibu theluthi ilikwenda kwa rodi na diski za kukatia nilizoharibu. Nunua rodi za ziada, na msimu wa mvua zianike juani kabla ya kazi.

Fundi alikuja kula mwezi uliopita. Kabla hata ya kunawa alizunguka jiko mara mbili, akapiga kila mguu kwa kiatu. Mguu wa tatu ulitoka. Ulikuwa umeshika upande mmoja tu, upande wa ndani nisiotaka kulala chini kuufikia. Tukaegemeza tofali, tukala mbuzi. Nilipoona ameshiba nikamuuliza kuhusu lile geti. Alitafuna, akalitazama tofali, akasema nitengeneze jiko la pili.