Nguvu ya mwenye saumu inatoka wapi?

Dada yangu, umeuliza vipi mvuvi wa Wete aliyekula muhogo wakati wa daku anaweza kuvuta nyavu hadi alasiri, ilhali tumbo lake limekwisha kuwa tupu. Tumbo huwa tupu kweli, lakini mwili una akiba yake. Wanga wa muhogo humeng'enywa ukawa glukosi, yaani sukari nyepesi, ambayo huingia katika damu, na ile isiyohitajika papo hapo huwekwa katika ini na misuli kwa umbo la glikojeni. Ini la mtu mzima huweza kuhifadhi takriban gramu 100, na hiyo ndiyo inayotolewa kidogo kidogo mchana ili ubongo usikose chakula.

Ndani ya seli, glukosi hukatwa vipande viwili bila ya kuhitaji oksijeni, na faida yake ni molekuli 2 tu za ATP, kemikali inayobeba nguvu ambayo seli huitumia moja kwa moja. Faida kubwa hupatikana katika mitokondria, yaani viungo vidogo vya kuzalisha nguvu ndani ya seli, ambamo vipande hivyo huvunjwa kwa mzunguko wa kikemikali alioueleza mwanasayansi Hans Krebs mwaka 1937, na kwa msaada wa oksijeni hupatikana jumla ya ATP takriban 30 kwa kila glukosi. Kaboni iliyokuwamo katika muhogo hutoka na pumzi ikiwa kabonidioksidi, jambo ambalo kila nikilifikiri hunistaajabisha.

Akiba ya ini inapopungua, mwili huzidi kutegemea mafuta, ambayo gramu moja hutoa takriban kilokalori 9, ilhali ya wanga hutoa 4.