Ukienda Rotterdam, Anza kwa Kutazama Chini

Mara ya kwanza kufika Rotterdam, Uholanzi, nilishuka kwenye treni, nikakimbilia zile nyumba za mchemraba, zilizojengwa kama dadu zilizoinama, nikapiga picha, nikala chipsi, jioni nikarudi Amsterdam nikisema mji ule hauna historia. Mara ya pili nilikuwa na siku tatu na viatu vya kutembelea. Nikajionea aibu.

Historia yenyewe iko chini, njiani. Tarehe 14 Mei 1940 ndege za Ujerumani ziliupiga mabomu mji kwa takribani robo saa. Watu wapatao 850 walikufa, wengine 80,000 wakakosa pa kulala, na moto ukala kilichosazwa. Leo ukitembea utakutana na taa ndogo za duara zilizozikwa kwenye njia ya waenda kwa miguu. Zinaonyesha moto ule ulikoishia. Simama hapo utazame huku na huku: upande mmoja matofali ya zamani na madirisha marefu membamba, upande wa pili vioo na zege. Mimi nilizubaa hadi baiskeli ikanipigia kengele nyuma ya sikio. (Njia zao za baiskeli ziheshimu. Hawana utani.)

Ukishaujua mpaka huo, kila jengo linakueleza umri wake. Kanisa la Laurenskerk lilibaki kuta tu, wakalikarabati kuanzia 1952 hadi 1968. Jirani yake ni Markthal ya 2014, soko lenye fleti zilizolizunguka kama tao na dari iliyochorwa matunda makubwa kuliko gari. Dari ni la bure, chakula kina bei ya watalii. Jumanne na Jumamosi kuna soko la wazi hapo nje. Nunua matunda huko.

Zile nyumba za mchemraba, kazi ya msanifu majengo Piet Blom, usiishie kuzipiga picha. Moja iko wazi kwa wageni, lipa uingie. Kwa nje zinachekesha. Ndani, ngazi ni nyembamba, kuta zimelala, kabati la kawaida halina pa kuegemea. Niligonga kichwa mara mbili, na hapo ndipo nilipoanza kuwawazia wanaoishi humo, wanaofua na kupika na kulea watoto chini ya kuta hizo.

Ukitoka, shuka upande wa bandari ya zamani, Oude Haven. Mbele yako kuna Witte Huis, jengo jeupe la 1898 lenye orofa 10, ambalo wakati wake watu walilishangaa kwa urefu. Mabomu yale liliyaponea chupuchupu. Agiza kahawa, kaa katikati ya jengo hilo na nyumba za mchemraba.

Daraja la Erasmus livuke kwa miguu, na mwavuli uache hotelini; wangu upepo uliugeuza nje ndani kabla sijafika katikati. Siku ya mwisho panda tramu hadi Delfshaven, mtaa wa mfereji ambao mabomu hayakuufikia. Niliupangia saa moja. Giza lilinikuta huko.