Mtoto mwenye shida ya kusoma akianza kununa, usikimbilie tuisheni

Sonona (ugonjwa wa huzuni nzito, yaani depression) kwa mtoto mara nyingi haiji na machozi, inakuja na hasira. Anajibu kwa mkato, anabamiza mlango, michezo aliyoipenda haina ladha tena, na kila asubuhi ya shule tumbo linamuuma ilhali Jumamosi hana neno. Akiwa na disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika maneno) au shida nyingine ya kujifunza, wakubwa huona ni uvivu au jeuri, kisha wanamwongezea tuisheni. Yaani saa zaidi za kile kile kinachomvunja moyo.

Sonona yenyewe hupunguza umakini na kumbukumbu. Mtoto aliyekuwa akisoma kwa kujikongoja akianza kushindwa hata alichokiweza mwezi uliopita, huenda si kusoma kulikozidi kuwa kugumu. Hali ikidumu wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, mpeleke kwa daktari au mwanasaikolojia na ueleze yote mawili, masomo na tabia ilivyobadilika. Wengi hutaja moja tu.

Nyumbani, jiulize: katika yote unayomwambia kwa siku, ni mangapi yasiyohusu daftari? Mtazame akifika kwenye neno gumu: anakuangalia usoni kwanza kabla ya kulijaribu. Anapima hasira yako. Kwa hiyo tenga dakika 15 kila siku, achague yeye cha kufanya, wewe ufuate tu. Usisahihishe, usifundishe, usiulize habari za shule. Na usizifute kama adhabu (hapo ndipo wazazi wengi huharibu), maana siku aliyokosea ndiyo anayozihitaji zaidi.

Kazi ya shule igawe vipande vya dakika 10, kila kimoja kifuatwe na mapumziko ya dakika 5. Sauti yako ikianza kupanda, funga daftari na umwandikie mwalimu kwamba mmeishia hapo. Sifia kinachoonekana: "Umelirudia neno lile ukalirekebisha mwenyewe." Ukimwambia ana akili sana, haamini.

Mwalimu naye aombwe asimsimamishe kusoma kwa sauti bila kumtaarifu mapema, na alama za hoja azitenge na za tahajia.

Akisema "bora nisingekuwepo", muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, au jibu lake likikutia shaka, usimwache peke yake, fungia dawa na sumu zote, na mfikishe hospitali siku hiyo hiyo.